Sauti ipo, picha hakuna: maswali kuhusu kinga ya HDCP kwa wenye TV na projekta za zamani, Kigoma na Tabora

Ukurasa huu ni wa mwenye king'amuzi cha HD, PlayStation au deki ya Blu-ray anayetaka kukiunganisha na TV ya mtumba, monita ya ofisini au projekta iliyokwishatumika. Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyoulizwa zaidi, siyo kwa ugumu.

Laptop ikichomekwa picha ni safi. Nikichomeka king'amuzi, giza. Kipi kibovu?

Mara nyingi hakuna kibovu. Laptop inapoonyesha mafaili, picha za harusi au video uliyopiga mwenyewe, haiidai TV chochote. King'amuzi cha HD cha kulipia kinadai. Kabla hakijatoa picha kwenye tundu la HDMI kinaiuliza TV kama ina kibali. Ikikosa kujibu, king'amuzi kinafunga mlango. Utaona giza tupu, au maandishi yanayotaja HDCP, au chenga za rangi, au skrini nzima ya waridi.

Wengi huchanganywa na sauti. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na kinga inafunga vyote viwili. Lakini nyumba nyingi zina sabufa iliyochomekwa kwenye matundu mekundu na meupe ya nyuma ya king'amuzi, na hayo hayafungwi. Basi mtangazaji anasikika, goli linaingia, kioo ni cheusi, na mwenye nyumba anaamini kioo kimeungua. Kabla hujampa mtu TV aifungue, chomeka waya wa njano wa AV. Picha ikija, kioo ni kizima.

HDCP ni nini hasa?

Ni utaratibu wa hodi na karibu kati ya kifaa kinachotoa picha na kinachoipokea. Ulibuniwa na kampuni ya Intel, na toleo la 1.0 lilitoka Februari 2000. Picha inasimbwa, yaani inavurugwa ili asiye na funguo asiione, inapopita kwenye waya wa DVI (ule wa monita za kompyuta), HDMI au DisplayPort, ili mtu asiweke kinasa katikati na kutoa nakala safi.

Kila kifaa chenye leseni ya toleo la kwanza kina funguo 40 za siri, kila moja ya biti 56, pamoja na namba ya utambulisho ya biti 40. Katika namba hiyo lazima moja ziwe 20 na sifuri 20. Vifaa viwili vinapeana namba, kila kimoja kinapiga hesabu kwa funguo zake, na majibu yakilingana picha inapita. Halafu hodi hairuhusiwi kuwa ya mara moja tu: kila baada ya fremu 128 (picha moja moja zinazounda video), yaani sekunde mbili na kitu, kifaa kinachotoa picha kinahakiki tena. Kumbuka hizo sekunde mbili, zitakusaidia kwenye swali la picha inayokatika.

TV yangu ilikuwa ya bei mbaya enzi zake. Kwa nini inashindwa, wakati flati ya bei chee ya leo inaweza?

Kwa sababu ilitoka kiwandani kabla ya kanuni kutulia. Marekani TV za HD zilianza kuuzwa mwaka 1998, na miaka ya mwanzo ziliingiza picha kwa component, zile nyaya tatu za kijani, bluu na nyekundu, ambazo hazina kinga ya namna hii hata kidogo. Kisha ikaja DVI, ambayo HDCP kwake ilikuwa hiari. HDMI 1.0 ilitangazwa Desemba 2002, na TV zenye tundu hilo zilichukua muda kuenea. Aliyenunua mapema alilipa zaidi, kisha akaja kuambiwa kuwa kioo chake chenye uwezo wote wa kuonyesha HD hakina ruhusa ya kuipokea.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa ya aibu zaidi. Kufikia mwaka 2006 kadi za picha zilikuwa zikiuzwa kwa sifa ya kuwa tayari kwa HDCP, kumbe chipu ilikuwa na uwezo lakini funguo hazikuwahi kuwekwa. Hakuna programu ya kuziongeza baadaye. Kadi imezaliwa hivyo, itakufa hivyo.

Hili linatuhusu huku kwa sababu ya njia ya mtumba. Monita ya ofisi ya Ulaya ya mwaka 2005 inauzwa, inapakiwa kwenye kontena, inashuka Dar es Salaam, inapanda lori hadi Tabora au inamalizia Kigoma. Hasara iliyomkuta mnunuzi wa kwanza inasafiri ndani ya kifaa, na anayeirithi ni mtu wa Gungu au Isevya ambaye hata hakuwepo wakati wa makosa.

Nitajuaje kabla sijalipa?

Anza na matundu. TV yenye HDMI, iwe kuukuu namna gani, kwa kawaida ina HDCP 1. Yenye DVI peke yake ni ya mashaka. Yenye VGA na AV tu haina, na hakuna haja ya kubishana.

Kisha tafuta kibandiko cha "HD ready" kwenye fremu. Alama hiyo ilianzishwa Ulaya mwaka 2005 na masharti yake ni mazuri kwetu: mistari isiyopungua 720, kupokea 720p na 1080i kwa hezi 50 na 60, na tundu la DVI au HDMI lenye HDCP. Usiichanganye na maneno "HD compatible" au "HD monitor" ya kwenye maboksi. Hayo hayana masharti hayo.

Kipimo cha mwisho ni king'amuzi chako mwenyewe. Kibebe hadi dukani pamoja na waya wako. Huna haja ya dishi: vingi huwasha kinga tangu menyu ya kwanza. Vichache huiwasha kwenye chaneli za kulipia peke yake, na hivyo ndivyo vinavyodanganya, maana menyu inaonekana vizuri dukani halafu nyumbani chaneli ya mpira inagoma. Kama huna uhakika chako ni cha aina gani, omba kujaribu palipo na dishi. Iache picha dakika tano, zima TV, iwashe tena, uone kama inarudi yenyewe.

Nina projekta yenye VGA. Adapta ya HDMI kwenda VGA itafaa?

Kwa laptop, ndiyo. Kwa king'amuzi, usitegemee. VGA ni ya analogi, haina mahali pa kusimba, kwa hiyo adapta ya halali ya kugeuza HDMI kuwa VGA haipewi funguo za kupokea picha yenye kinga. Muuzaji anakuonyesha kwa laptop, inawaka, unalipa, unafika kibandani Ujiji saa moja kabla ya mechi na kioo ni cheusi. Muuzaji hakusema uongo. Alipima kitu kingine.

Njia isiyo na matata ni AV ya njano. Utapata picha ya mistari 576, siyo HD, na ni vizuri kujua utakachokiona: kwenye turubai la upana wa mita tatu, mpira na wachezaji vinaonekana sawasawa, lakini namba mgongoni mwa mchezaji aliye upande wa mbali zinavimba na kuungana, 3 na 8 huwezi kuzitofautisha, na maandishi ya matokeo pembeni yana ukungu. Kwa TV ya inchi 24 hutaona tofauti kubwa. Kwa turubai utaiona.

Ukiwa na pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu kibandani, badilisha projekta, tafuta yenye HDMI. Usinunue adapta ya tatu.

Nataka king'amuzi kimoja kionyeshe projekta na TV mbili. Nitumie splita?

Ndiyo, lakini splita nayo ni mshiriki wa hodi. Inapokea kibali, halafu inawauliza walio nyuma yake mmoja mmoja, na kupeleka majina yao kwa king'amuzi. Toleo la kwanza linaruhusu vifaa hadi 127 katika ngazi saba. Toleo la 2 linaruhusu 32 katika ngazi nne. Hutafika huko. Tatizo la kibandani ni dogo na la kawaida zaidi: kioo kimoja kisicho na HDCP kinaweza kuzima vyote. Splita nyingine zina adabu, zinakinyima hicho kimoja na kuendelea na wengine. Nyingine zinazima ukumbi mzima.

Ukipata giza, chomoa vyote kwenye splita. Rudisha kimoja, subiri sekunde kumi, rudisha cha pili, subiri tena. Kitakachozima wenzake ndicho mgeni asiye na barua. Kipe AV, wengine wabaki na HDMI.

Tumia splita yenye adapta yake ya umeme ya volti 5. Zile zinazonyonya umeme kwenye HDMI pekee huanza vizuri na kuchoka katikati ya kipindi cha pili.

Picha inakuja, inapotea, inarudi. Nimebadilisha chaneli, bado.

Hesabu. Ikikatika kwa mpigo wa sekunde mbili hadi tatu, uhakiki wa HDCP unashindwa, na mara nyingi chanzo ni waya. Ikikatika ovyo bila mpangilio, angalia dishi na mvua kwanza.

Ndani ya HDMI, mazungumzo ya HDCP hayapiti njia ya picha. Yanapita pini ya 15 na ya 16, mkondo mwembamba wa data. Pini ya 17 ni ardhi yake, ya 18 ni volti 5, ya 19 ndiyo inayoarifu kwamba kifaa kimechomekwa. Waya ukivunjika kwenye 15 au 16, picha ya kawaida inaweza kuendelea kupita na ya kinga ikakataa. Ndiyo sababu waya mmoja unafanya kazi kwa video zako mwenyewe na unagoma kwa king'amuzi.

Mwenye mita apime volti kati ya 18 na 17 king'amuzi kikiwa kimewaka. Inatakiwa kati ya 4.8 na 5.3. Tumia kipande cha waya mbovu uliokatwa na kuchunwa, usichokoe tundu kwa ncha za mita, pini zimekaribiana mno na ukizigusanisha umeua tundu.

Urefu nao ni adui. Kwa 1080 waya wa kawaida wa mita 5 hauna shida. Kuanzia 10 kwenda juu unahitaji waya mnene na mzuri. Kibandani, ambako projekta iko nyuma na king'amuzi kiko mbele, watu huvuta HDMI mita 15 kisha wanalaumu king'amuzi. Geuza mpango: kiweke king'amuzi pale pale chini ya projekta kwa waya wa mita moja na nusu, vuta kebo ya dishi hadi hapo, na urefushe waya wa sauti kwenda kwenye spika. Kebo ya dishi na waya wa sauti huvumilia umbali. HDMI ni ya kudekezwa.

Umeme ukikatika na kurudi, HDCP inagoma hadi nichomoe kila kitu.

Vifaa vyote vinaamka kwa pamoja, king'amuzi kinabisha hodi TV ikiwa bado usingizini, kisha kinakata tamaa. Washa TV kwanza, iache ifike kwenye HDMI yake, halafu washa king'amuzi. Kama bado, zima vyote ukutani dakika mbili, siyo kwa rimoti, ndipo uanze upya kwa mpangilio huo.

Ikigoma baada ya radi, hesabu nyingine. Radi za masika ukanda wa ziwa zinajulikana, na pini ya 15 na ya 16 ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuungua, kwa sababu zinaingia karibu moja kwa moja kwenye chipu. Jaribu tundu la HDMI la pili la TV kabla ya kuitangaza marehemu. Mawingu yakifunga, chomoa kebo ya dishi pia. Wengi huchomoa umeme na kuliacha dishi limeunganishwa.

Banda la gemu: PS3 na PS4 kwenye monita za DVI za mtumba?

PS3 kinga yake ya HDMI haizimiki. Kwenye monita ya DVI isiyo na HDCP utapata giza hata kwa gemu. Tafuta kioo chenye component: gemu zitapita kwa HD kamili bila swali. Filamu ndiyo mambo mengine. Blu-ray kwa component hufika 1080i kwenye PS3 za mwanzo, lakini kuanzia mfululizo wa CECH-3000 inashushwa hadi mistari ya kawaida, na DVD hazivuki 480p au 576p. Ukibadilisha waya na picha ikagoma, izime, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde tano hadi mlio wa pili, itarudi kwenye mpangilio wa mwanzo.

PS4 na PS5 zina kitufe kwenye mipangilio. PS4 ingia "Settings", "System", ondoa alama kwenye "Enable HDCP". PS5 ni "Settings", "System", "HDMI", kisha zima "Enable HDCP". Ukizima, gemu zinakwenda kwenye monita yoyote na kwenye kadi ya kunasia video, ila programu za filamu za kulipia hazitafunguka hadi uiwashe tena. Monita ya DVI haina sauti, kwa hiyo spika zichomekwe kwenye pedi au kwa njia nyingine.

Nimeuziwa TV ya 4K ya mwaka 2013. Kwa nini haipokei 4K ya filamu?

Historia ilijirudia bila haya. TV za kwanza za 4K zilitoka 2012 na 2013, nyingi zikiwa na HDMI 1.4, inayobeba 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, na HDCP ya zamani. Wenye filamu wakaamua 4K ipite kwa HDCP 2.2. Diski za Ultra HD Blu-ray, zilizoanza 2016, zinaidai, na Netflix inaidai kwa 4K kupitia kifaa cha nje. Toleo la 2.2 halilingani na la 1: usimbaji ni tofauti, na lina kipimo cha muda ambapo jibu lazima lirudi ndani ya milisekunde 20, ili kuhakikisha mpokeaji yuko chumbani na siyo mwisho wa intaneti. Kazi hiyo inafanywa na chipu, kwa hiyo kusasisha programu kwa kawaida hakusaidii. Samsung walikuwa na kisanduku cha nje kinachobadilishwa kwa baadhi ya TV zao, lakini kukipata leo Tabora ni bahati nasibu.

Hujala hasara yote. Itaonyesha 1080 vizuri, na mara nyingi ukikaa mita tatu kutoka kioo cha inchi 50 hutaijua tofauti. Usiilipie bei ya 4K, basi. Na hata TV za baadaye kidogo, soma maandishi juu ya kila tundu: katika manne, pengine moja tu lina 2.2.

Kisanduku cha Android kimeandikwa 4K, lakini filamu za kulipia zinakuja na ukungu.

Hapo siyo HDCP, ni ndugu yake, Widevine, kinga ya filamu za intaneti kwenye vifaa vya Android. Ngazi zake utakazokutana nazo zaidi ni L1 na L3. L1 funguo ziko ndani ya sehemu salama ya chipu. L3 ziko kwenye programu tu, na huduma kubwa humpa mwenye L3 picha ya takriban mistari 480. Pakua programu iitwayo DRM Info, soma neno "Security Level". Simu nyingi za bei nafuu nazo ni L3. Usinunue bando kubwa ukidhani intaneti ndiyo yenye ukungu.

Deki za Blu-ray za mtumba zinafaa?

Kwa DVD na Blu-ray za kawaida, ndiyo, lakini angalia kanda. Tanzania ni kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Deki ya Marekani ni kanda 1 na A. Ultra HD hazina kanda.

Deki za 2006 na 2007 ziepuke. Samsung BD-P1000 iliuzwa Marekani kwa dola 999 mwaka 2006, na leo ni ya makumbusho. Kinga ya diski, AACS, inabadilishiwa funguo kila zinapovuja, kama ilivyotokea 2007, na deki isiyosasishwa hukataa diski mpya. Kama mtengenezaji amekwishaacha kutoa masasisho, imekwisha. Mashine za HD DVD usiguse. Toshiba waliliacha soko hilo Februari 2008. Kwa component napo diski inaweza kuiamuru deki kushusha picha hadi 960 kwa 540, robo ya pikseli za HD kamili, na deki zilizoundwa baada ya 2013 hazitakiwi kutoa Blu-ray kwa analogi kabisa.

Si nasikia HDCP ilishavunjwa?

Toleo la kwanza, ndiyo. Septemba 2010 ufunguo mkuu ulianikwa mtandaoni na Intel wakakiri kuwa ni wa kweli. Anayeuza nakala za wizi hajapata usiku mmoja wa kukosa usingizi kwa sababu ya HDCP. Nakala zake hata hazipiti kwenye HDMI. Anayekutana nayo ni aliyelipia kifurushi mwezi huu na ana projekta ya 2004. Kinga imebaki kwa sababu ni sharti la leseni, siyo kwa sababu inakamata wezi.

Kuna splita "zinazoondoa" HDCP. Mnashauri?

Hapana. Zinabadilika ubora kutoka boksi moja hadi jingine hata jina likiwa lile lile, kwa hiyo huwezi kujenga kibanda juu yake, na sheria ya hakimiliki ya 1999 haiko upande wako. Kwa kibanda kuna jambo la kutangulia: kadi ya nyumbani siyo ya kuonyeshea hadharani kwa kiingilio. Uliza kifurushi cha biashara kwanza.

Risiti iandikweje ili niweze kurudisha?

Mwambie muuzaji aandike kwa mkono: "Imeuzwa kwa matumizi ya king'amuzi cha HD kwa HDMI, ikishindwa inarudishwa ndani ya siku saba", pamoja na modeli na namba ya kifaa (serial number) iliyo nyuma. Akikataa kuandika, umeshapata jibu la kipimo. Mteja anayevuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira apime kabla ya kupakia botini, maana kurudi na TV ya inchi 42 ni nauli mbili.